Barua ya wazi kwa wakuu wa afya wa Uganda: mgonjwa tunamwandika nusu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Katibu Mkuu wa Wizara, waheshimiwa wabunge wa Kamati ya Afya, na maafisa wa afya wa wilaya zote.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni muuguzi wa serikali. Nimefanya kazi hii miaka 19, na minane kati ya hiyo nimeifanyia katika kituo cha afya cha daraja la tatu huku magharibi, jirani na makazi ya wakimbizi. Baba yangu alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo Kiswahili nilikipata kambini nikiwa mtoto, nikicheza na watoto wa Waacholi, Walugbara, Wateso na Wanyankole, na hatukuwa na lugha nyingine ya kuelewana. Ndiyo sababu mgonjwa aliyetoka Kongo akiingia kwa tabibu na wasielewane, naitwa mimi. "Sista, njoo utafsiri." Kazi hiyo haimo kwenye barua yangu ya ajira, lakini humo ndimo nilimojifunza jambo ninalowaandikia leo.

Nianze na mama mmoja. Umri wake ni kama miaka 38. Alikuja kwetu mara saba kati ya Februari na Juni. Mnajua kwamba wagonjwa wetu hutembea na daftari la shule, na daftari hilo ndilo faili lao. Lake nimelishika mkononi. Ukurasa wa kwanza umeandikwa malaria. Wa pili, malaria. Wa tatu, maambukizi ya njia ya mkojo. Wa nne, vidonda vya tumbo. Wa tano, presha. Wa sita, malaria tena, ingawa kipimo hakikuonyesha kijidudu chochote, na pembeni mtu ameandika kwa wino mwekundu kwamba mgonjwa huyu anarudi mara kwa mara. Maandishi hayo ya wino mwekundu yalikuwa kama lawama, na yeye hajui kusoma.

Mwenyewe kila alipokuja alisema maneno yale yale, kwa Kiswahili cha kwao: "Moyo inanidunda, kichwa inawaka moto, usingizi hakuna." Mara nne kati ya hizo, mimi ndiye niliyetafsiri. Nilimwambia tabibu kwamba moyo unamwenda mbio, kichwa kinamuuma, halali usiku. Sikukosea neno. Aliandikiwa parasetamoli na dawa ya tumbo, akashukuru, akaenda, akarudi.

Mara ya saba mvua ilimzuia kuondoka. Foleni ilikuwa imekwisha, tabibu ameshaondoka, na mama amekaa kwenye benchi la nje akingoja mvua ikatike. Nikaketi kando yake nipumzishe miguu. Nikamuuliza, "Mama, nyumbani mnalala wangapi?" Akanyamaza. Kisha akasema, "Tulikuwa nane. Sasa tuko watatu."

Tulikaa pale zaidi ya saa moja. Mvua ilikatika tukiwa bado tumekaa. Aliyoniambia ni yake, siyaandiki hapa. Niseme tu kwamba vidonge vya presha alivyopewa mwezi wa tano alikuwa navyo mkobani, vyote, vimefungwa kwenye kitambaa, havijaguswa. Nilipouliza kwa nini, alinijibu, "Nimeze nipone, nipone niende wapi?"

Kwenye rejista yetu ya wagonjwa wa nje hakuna mahali pa kuandika jibu hilo. Kuna jina, umri, kijiji, uzito, kipimo, ugonjwa, dawa. Kwa hiyo mama huyu tulimwandika mara saba, na mara zote saba tulimwandika nusu.

Waheshimiwa, nawaomba msinielewe vibaya hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi hupotea. Sisemi kwamba mama yule alikuwa mzima na akili ndiyo iliyokuwa inamchezea. Presha yake ilikuwa ya kweli, niliipima mwenyewe na ilikuwa juu. Maumivu yake yalikuwa ya kweli. Katika maneno yote tunayowaambia wagonjwa sijui kama kuna baya zaidi ya hili: "Huna ugonjwa, ni mawazo tu." Mgonjwa akiambiwa hivyo huondoka na vitu viwili, ugonjwa aliokuja nao na aibu juu yake. Mawazo si "tu". Mawazo yana njia yake ya kuingia kwenye damu, na njia hiyo inajulikana.

Kiswahili kina neno moja, moyo, kwa kiungo kinachosukuma damu na kwa mahali huzuni inapokaa. Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi nilidhani huo ni upungufu wa lugha. Siku hizi naamini waliotuachia neno hilo walikuwa wamewatazama watu vizuri. Mtu akiingiwa na hofu, ubongo hutuma amri kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, nazo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hukimbia, mishipa hubana, ini hutoa sukari, tumbo huacha kazi yake kwa muda. Kwa mtu anayekimbia nyumba inayoungua, mwili umemtendea vema kabisa. Moto ukizimika, kila kitu hurudi mahali pake. Lakini deni halizimiki jioni. Mume anayepiga hurudi nyumbani kila usiku. Mtoto aliyepotea njiani hajulikani kama yu hai. Mwili unaokaa tayari kukimbia kwa miezi na miaka huchakaa: presha hupanda na kukaa huko juu, sukari inakuwa ngumu kushuka, usingizi hukatika, kinga hulegea. Hata vidonda vya tumbo, ambavyo tunajua vingi husababishwa na bakteria na vina dawa yake, maumivu yake huzidi kwa mtu asiyelala.

Haya yamepimwa, si maneno ya kufarijiana. Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Uingereza. Watu 394 wenye afya njema waliulizwa kwanza kuhusu misukosuko ya maisha yao, kisha wakadondoshewa puani virusi vya mafua. Kadiri mtu alivyokuwa na msongo mkubwa, ndivyo alivyoelekea zaidi kuambukizwa na kuugua. Mwaka 1995, huko Marekani, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza ndugu zao waliopoteza kumbukumbu, na wengine 13 wasio na mzigo huo, wakawafanyia wote kidonda kidogo kimoja mkononi, milimita tatu na nusu tu. Vidonda vya wale wauguzaji vilichelewa kupona kwa siku tisa. Mimi nasafisha vidonda kila siku. Niliposoma habari ile niliwakumbuka wagonjwa ambao tuliwabadilishia dawa mara mbili, mara tatu, tukilaumu dawa, tukilaumu usafi wao, na hakuna aliyewauliza wanamuuguza nani nyumbani.

Uchunguzi mwingine ulifanywa kwa watu wa ofisini, watumishi wa serikali kama ninyi na mimi. Ulianza London mwaka 1967, kwa wanaume zaidi ya 17,000 katika utumishi wa umma wa Uingereza. Michael Marmot na wenzake walipofuatilia vifo, waliona kwamba wale wa ngazi ya chini kabisa, kama mabawabu na wapeleka barua, walikufa kwa kiwango kama mara tatu ya wakubwa wao. Wote walikuwa na kazi. Wote walikuwa katika nchi ambayo matibabu ni bure. Sigara, presha na mafuta ya damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Na haikuwa tofauti ya maskini na tajiri peke yake, ilikuwa ngazi: hata wa cheo cha pili alikuwa na hali mbaya kuliko wa cheo cha kwanza. Baadaye, katika uchunguzi uliofuata kwa kundi jipya la watumishi wa serikali hiyo hiyo, ikaonekana kwamba mtu asiye na sauti juu ya kazi yake, yaani anaamriwa nini na lini bila nafasi ya kuamua chochote, ana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo.

Hapa kwetu mtu asiye na sauti juu ya siku yake namjua. Anaendesha boda boda ya mkopo. Ana miaka 41, na kila jioni lazima apeleke fedha ya pikipiki, mvua inyeshe isinyeshe, abiria wawepo wasiwepo. Tulimpa dawa ya presha ya aina ile inayoongeza mkojo. Akaiacha. Kwenye kadi yake mwenzangu akaandika kwamba hafuati matibabu. Alipoletwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia umelala, mke wake alinieleza kwamba dawa ilikuwa inamlazimisha kusimama kila wakati kutafuta pa kukojoa, na abiria hawangoji, na mwenye pikipiki hangoji. Kulikuwa na dawa nyingine ya presha katika stoo yetu, isiyoongeza mkojo. Swali moja tu, "Dawa inakusumbua vipi kazini?", lingetufikisha kwenye ile dawa nyingine. Mtu huyu sasa anabebwa na boda anazozijua kwa namba.

Kuna jambo ninalosita kulisema, lakini ni kweli. Wagonjwa wetu wengi kabla ya kuja kwetu wamepita kwa mganga wa kienyeji au kwa mchungaji, na wengine wakitoka kwetu wanarudi huko. Sisi huwa tunawakaripia. Mimi nimewakaripia miaka mingi. Sasa najiuliza wanapata nini huko. Kwa mganga mtu huulizwa: umegombana na nani? Nani amekufa katika ukoo? Nyumba uliyohamia ilikuwa ya nani? Kwetu huulizwa: homa ilianza lini? Kisha hupewa karatasi. Mganga anaweza kumpa majibu ya hatari, na nimeona watoto walioletwa kwetu wamechelewa kwa sababu hiyo. Lakini maswali yake ndiyo ambayo mgonjwa alikuwa anayasubiri. Kuna methali isemayo mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tunapenda sana kuwasomea wagonjwa methali hiyo. Wengi ninaowaona mimi hawafichi. Wamekaa na jambo lao mdomoni, na hakuna aliyeuliza.

Sasa nije kwenye lugha, maana hapo tunaumiza watu kwa mikono yetu wenyewe. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na kwa wengi waliotoka mashariki ya Kongo, Kiswahili ndicho lugha ya kuelezea mwili. Katiba yetu ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya pili ya taifa ya shughuli rasmi tangu marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Ndani ya chumba cha tabibu uamuzi huo haujafika. Siku nisipokuwepo, anayetafsiri ni yeyote aliye karibu. Mara nyingi ni mtoto, kwa sababu watoto ndio wanaojifunza Kiingereza na lugha za hapa shuleni.

Nimeingia chumbani nikakuta msichana wa miaka 12 akimtafsiria mama yake. Mama alikuwa na maumivu chini ya kitovu ambayo hayaishi. Tabibu, kijana mwema, aliuliza swali lililo sahihi kwa kitabu: maumivu yalianza baada ya nini? Msichana akalitafsiri. Mama akamtazama mtoto wake, akatazama sakafu, akasema, "Mwambie sijui." Alikuwa anajua. Mimi baadaye niliambiwa, mtoto akiwa ametumwa kuchota maji. Katika daftari limebaki lile jibu la kwanza. Waheshimiwa, sisi ndio tuliomweka mtoto yule kwenye kiti kile, kwa kukosa mtu mmoja wa kulipwa kutafsiri.

Na mambo mengine yanayoleta wagonjwa mlangoni kwetu hayako katika wizara yenu kabisa. Mgao wa chakula kwa wakimbizi ulipokatwa mwaka 2025 kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua, sikuhitaji kusoma gazeti. Niliona kwenye benchi. Waliokuja na moyo unaodunda waliongezeka, na wanawake waliopigwa, na wagonjwa wa kifua kikuu walioacha vidonge kwa sababu vinawatia kichefuchefu tumbo likiwa tupu. Ofisi ya Waziri Mkuu ndiyo inayosimamia wakimbizi. Naomba wakuu wa afya wawe na kiti kwenye meza hiyo kabla ya uamuzi kukatwa, maana bei yake hulipwa kwenye stoo yetu ya dawa.

Nisiandike kana kwamba haya ni mageni kwa Uganda. Nchi hii iliyajua mapema kuliko nyingi. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, baada ya mume wake kufariki kwa UKIMWI, alianzisha TASO, shirika la kuwasaidia watu wenye UKIMWI, pamoja na wenzake, wengi wao wakiwa wenyewe wameathirika. Dawa za kupunguza makali hazikuwepo. Walichokuwa nacho ni kikao, ushauri, chai, na mtu wa kukugusa bila kuogopa. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alisimama hadharani akasema ana virusi, wakati wengine walikuwa wanafia chumba cha nyuma huku ndugu wakinong'ona kwamba wamelogwa. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka watu wazima kambini wakizungumza kwa sauti ya kawaida, kwa mara ya kwanza, kuhusu ugonjwa ule. Dawa zilipokuja baadaye zilikuta watu waliokwisha kujua kwamba wanaweza kutajana na kusindikizana hospitali. Ni nani leo angesema kwamba kile kikao hakikuwa tiba?

Halafu kuna vijiji 30 vya Masaka na Rakai. Mwaka 2002 watafiti walikwenda huko, ambako UKIMWI ulikuwa umechukua wazazi na watoto, na hawakuanza na majina ya ugonjwa kutoka vitabuni. Waliwasikiliza watu kwanza, wakakuta wanakijiji wana majina yao wenyewe ya hali ile, kama okwekyawa, kujichukia mwenyewe. Kisha katika nusu ya vijiji wakaanzisha vikundi vya mazungumzo, mara moja kwa wiki, wiki 16. Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa eneo lile lile waliofundishwa kwa wiki mbili. Kabla ya kuanza, watu 86 kati ya kila 100 katika vikundi walikuwa na ugonjwa wa huzuni kubwa. Mwishoni walibaki 6.5 kwa 100. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, walikuwa 94 kwa 100, wakabaki 54.7. Yaani muda peke yake uliwasaidia baadhi, lakini kukaa pamoja na kuongozwa vizuri kulisaidia zaidi sana. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2003 na yamesomwa duniani kote. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa vikundi vya aina hiyo. Nimewahi kuhudhuria mafunzo ambapo mwalimu kutoka ng'ambo alitueleza kuhusu Masaka, na sisi Waganda tuliokaa pale tulikuwa tunaandika kama jambo la nchi ya mbali.

Sheria pia tunayo. Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani yenye mizizi ya ukoloni, inataka huduma za afya ya akili ziwe ndani ya huduma za afya za msingi, huku chini tuliko sisi. Lakini kwa mwananchi wa kawaida afya ya akili bado ni jina moja, Butabika, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1955, na jina hilo hutumiwa kama tusi. Muuguzi wa magonjwa ya akili aliye karibu nasi yuko kituo cha daraja la nne, saa mbili kwa pikipiki kama barabara ni kavu. Nikimwambia mama yule aende huko ataelewa kwamba namwita kichaa, na hataenda, nami sitamlaumu.

Ninachowaomba ni kidogo, na nimekipima kwa macho ya mtu anayejua jinsi asubuhi yetu ilivyo. Ongezeni nafasi moja kwenye rejista, na swali moja kwenye fomu ya kumpokea mgonjwa: nyumbani kuna nini kinachokulemea? Mgonjwa akirudi mara tatu kwa miezi mitatu na vipimo havionyeshi kitu, au dawa hazifanyi kazi, swali hilo liwe la lazima, kama tunavyolazimika kupima malaria kabla ya kutoa dawa ya malaria. Mwalipe watafsiri wa Kiswahili katika vituo vyote vinavyohudumia wakimbizi, wanawake na wanaume, walioapishwa kutunza siri, na mpige marufuku kabisa kumtumia mtoto kutafsiri habari za mzazi wake. Hilo la watoto halihitaji bajeti, linahitaji waraka wa ukurasa mmoja. Na kila kituo cha daraja la tatu kipate mtu mmoja aliyefunzwa kuongoza vikundi kama vile vya Masaka, akisimamiwa na muuguzi wa akili wa daraja la nne. Wahudumu wa afya wa vijiji, hawa tunaowaita VHT, wamekuwepo tangu 2001. Wanajua ni mlango gani haujafunguliwa tangu juzi. Wapeni mafunzo hayo, na msiwape bure kama mlivyozoea, maana nao wana watoto wa kulisha.

Mtanijibu kwamba fedha hazipo. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi Abuja kwamba asilimia 15 ya bajeti itakwenda kwenye afya, na sisi hatujafika. Mwaka huo huo wa 2001 serikali yetu iliondoa malipo katika vituo vya umma, na nakumbuka jinsi foleni zilivyojaa watu ambao kumbe walikuwa wanaugulia nyumbani. Kwa hiyo najua mnaweza kuamua jambo kubwa mkitaka. Lakini tuhesabu hata kwa daftari la mama yule. Dozi tatu za malaria ambazo hakuzihitaji. Dawa ya mkojo, dawa ya tumbo, vidonge vya presha vilivyolala kitambaani. Ziara saba, muda wa tabibu mara saba, muda wangu mara nne. Hayo yote tayari mmeyalipa. Saa moja ya benchi haikuwagharimu chochote.

Kuna jambo moja la sheria siwezi kuliacha. Kanuni yetu ya Adhabu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mahakama Kuu ya Kenya, mapema mwaka 2025, ilitamka kwamba kifungu kama hicho cha kwao kinakiuka katiba. Sisi tunawaambia wagonjwa watueleze kila kitu, huku mwenye jambo zito kuliko yote akijua kwamba akilitamka anaweza kuitiwa polisi. Wabunge mliomo katika Kamati ya Afya, hili liko mikononi mwenu kuliko mwa mtu mwingine yeyote. Mkilifuta, kesho yake asubuhi nitakuwa na ruhusa ya kumuuliza mtu swali hilo waziwazi na yeye atakuwa na ruhusa ya kunijibu.

Nanyi wakuu wa wilaya, mnapokuja kwa ukaguzi, waulizeni wauguzi pia wanalala saa ngapi. Simaanishi zaidi ya hapo.

Tangu Agosti, kila Alhamisi saa tisa alasiri, wanawake 11 hukaa chini ya mwembe nyuma ya kliniki ya wajawazito. Mama wa daftari ni mmoja wao. Sikuomba ruhusa ya mtu, na leo ndiyo naiomba. Hatufanyi maajabu. Mmoja huanza kusema, wengine husikiliza, wakati mwingine wanalia, wakati mwingine wanachambua mboga huku wakizungumza bei ya mafuta. Wiki ya tatu mama yule alimuuliza mwenzake aliyepoteza mtoto anafanyaje usiku, na wakaanza kutembeleana. Vidonge vya presha anameza. Namwona anavitoa kitambaani saa ile ile anapofika, anameza mbele yetu na kikombe cha maji. Presha yake imeshuka, ingawa haijafika ninapotaka, na usiku mwingine bado halali.

Katika ripoti yetu ya mwezi, Alhamisi hiyo inahesabiwa kuwa sifuri, kwa sababu hakuna fomu ya kuiandika. Msimamizi wangu ameniuliza mara mbili saa hizo nakuwa wapi, na ana haki ya kuuliza. Njooni siku moja muone. Msitume taarifa mapema, msilete magari mengi, wataogopa. Benchi tulizonazo ni mbili na hazitoshi, wengine wanakaa kwenye kanga, kwa hiyo mkija mtakaa nao chini.

Wenu katika kazi,

Muuguzi, kituo cha afya cha daraja la tatu, magharibi mwa Uganda